Maji kwetu, chakula kwao: siku tano katika Mto Green

Madumu yalikuwa sita, kila moja la lita 20. Niliyahesabu mimi, nikayapakia mimi, na swali la shoga yangu asubuhi ile nililijibu mimi. Tulikuwa tumesimama kwenye mchanga wa Green River, mji mdogo wa jimbo la Utah unaosifika kwa matikiti maji, watu sita na mitumbwi mitatu ya kukodi, jua la Septemba ndio kwanza linachungulia. Akaniuliza, "Mbona maji yote mmeyatia huko kwenu?" Nikamjibu, "Shoga, si tutakuwa pamoja?"

Hakusema zaidi. Akapanda mtumbwi wake, akashika kafi.

Mimi ni mzaliwa wa Rufiji. Marehemu baba alikuwa mtu wa upondo na mtumbwi, na nilipofika Marekani nilidhani mambo ya mto nimeyaacha huko. Salt Lake City, ninakoishi, ni mji wa theluji na milima, lakini Kiswahili hakikosekani: Wakongomani, Warundi, Wakenya, sisi Watanzania. Wale sita tulijuana misibani na harusini, kisha tukawa marafiki wa kweli. Mzee wetu ni wa Uvira, amevua Ziwa Tanganyika tangu utoto. Shoga yangu ni wa Mombasa. Mwalimu ni mama wa Kirundi aliyefundisha shule ya msingi Bujumbura. Wawili wa mwisho ni vijana, kaka na dada, wazaliwa wa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, ambao hadi siku ile walikuwa hawajawahi kupanda chombo chochote cha majini. Kijana ndiye aliyeleta wazo. Aliona picha, akasema, "Mama, kumbe saa tatu tu kwa gari kutoka hapa kuna mto unaopita jangwani, na sisi tunakaa kwenye maghorofa tunaangalia televisheni!"

Mto Green huanzia mbali kaskazini, katika milima ya Wind River huko Wyoming, hushuka zaidi ya kilomita 1,100, kisha hukutana na Mto Colorado ndani ya hifadhi ya Canyonlands. Sisi tulichukua kipande kidogo tu, kilomita 110 kutoka mjini hadi mahali paitwapo Mineral Bottom, kupitia korongo la Labyrinth. Kipande hicho hakina maporomoko. Maji yanakwenda mwendo wa mtu aliyetoka sokoni bila haraka, ndiyo maana hata wageni wa mto hukipita bila kiongozi wa kulipwa. Kibali hutolewa bure. Lakini kuanzia shamba la Ruby Ranch, kilomita 37 chini ya mji, kuta zinaanza kuinuka, simu inakufa, na kwa mtu mwenye mtumbwi njia ya kutoka inabaki moja tu, nayo ni mbele.

Hesabu ya maji ilikuwa rahisi: lita nne kwa mtu kwa siku, watu sita, siku tano, jumla lita 120. Madumu matatu niliyatia katika mtumbwi wangu na kijana, matatu katika mtumbwi wa Mzee na yule binti. Sisi tulionekana wenye nguvu. Shoga na Mwalimu tuliwapa jiko la gesi, masufuria, mchele, unga, maharage, dagaa na viungo, ili mtumbwi wao uwe mwepesi. Nilidhani ninawahurumia. Kumbe nilikuwa nimegawa safari moja kuwa safari mbili, na kila moja ina upungufu.

Siku mbili za kwanza nazisimulia kwa furaha. Asubuhi ya kwanza tulipita Crystal Geyser, chemchemi iliyo ukingoni kabisa mwa mto. Watu walichimba pale miaka ya 1930 wakitafuta mafuta, badala yake wakafungulia maji baridi yenye hewa ya kaboni ambayo hadi leo hupanda na kuruka yenyewe. Siku ile ilikuwa inatokota tu bila moto, na mawe pande zote yamefunikwa tabaka la rangi ya chungwa. Kijana alitia mkono akastaajabu kwamba ni maji ya baridi.

Sheria za mto ule zilitupa shughuli, nami naziheshimu. Moto hauwashwi mchangani, unawashwa ndani ya sinia la chuma, na majivu unaondoka nayo. Haja kubwa haizikwi popote: unakodi boksi maalumu la choo, linafungwa lisivujishe, na mnasafiri nalo hadi mwisho. Haja ndogo, nayo, inatakiwa iende mtoni. Hapo Mzee aligoma. Huko tulikotoka sote, mtoto aliyekojoa mtoni alichapwa, kwa sababu chini yake kuna mtu anachota maji. Tulimweleza kwamba kule mvua ni chache mno, mchanga wa kambi hauoshwi, na watu wanalala palepale wiki hadi wiki. Ukikojoa mchangani, anayekuja kesho atalala kwenye harufu yako. Mto una maji mengi, unachukua. Alisikiliza, akanyamaza muda mrefu, akatii. Lakini kila mara alikwenda mbali sana chini ya kambi, na kila mara aliomba radhi kwa sauti. Sikumcheka. Nilipenda kwamba mtu anaweza kufuata sheria ya ugenini bila kuitupa adabu ya kwao.

Jioni ile nilitoa shabu. Maji ya Mto Green yana rangi ya chai ya maziwa. Ukichota ndoo, kiganja chako hukioni. Mama yangu Rufiji alikuwa na kipande cha shabu kilichofungwa kwenye kitambaa, akikizungusha ndani ya mtungi mara kadhaa, na asubuhi maji yamechuja yenyewe, tope limelala chini. Nilinunua yangu duka la viungo, nikaibeba kwa mapenzi tu. Kwenye duka la kukodi mitumbwi nilikuta wanashauri kitu kilekile, shabu kwenye ndoo ya maji ya mto! Chembe za tope laini huwa zinasukumana kwa umeme wake mdogo, hivyo hazizami. Shabu inauondoa msukumo huo, zinashikana, zinakuwa nzito, zinashuka. Vijidudu vinabaki, kwa hiyo maji hayo bado unayachemsha. Lakini mama hakuwa na maneno hayo ya umeme na chembe, na maji yake yalikuwa meupe. Usiku ule nilikaa na ndoo ile nikamlilia kidogo.

Siku ya pili tuliingia korongoni. Mwanzo kuta ni fupi kama ukuta wa ua, kisha kila kona zinaongezeka, mpaka unainua shingo kutafuta mbingu. Milima haipandi; ni mto unaoshuka ndani ya mawe ya zamani zaidi na zaidi. Mawe ya juu, yale mekundu yaliyopauka yenye mistari ya mshazari, yalikuwa vilima vya mchanga wa jangwa jingine zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita, na mistari ile ni upepo wa wakati huo umeandikwa. Kwenye magenge kuna michirizi myeusi inayong'aa kama iliyopakwa lami. Ndege korongo wa rangi ya kijivu-buluu alisimama kwenye fungu la mchanga, akatungoja tukaribie, akaruka mbele mita mia, akatungoja tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Mwalimu alimwita "mwenyeji wetu". Tulilala karibu na Trin Alcove, pango kubwa lililo wazi ambapo makorongo matatu madogo yanakutana, na Mwalimu aliimba wimbo mmoja wa kanisani, sauti ikamrudia kutoka pande tatu, sisi tukakaa kimya kama watoto wake wa darasa.

Sasa siku ya tatu.

Tulichelewa kuondoka. Chai ilikuwa tamu, maandazi yalikuwa yamebaki, na kijana alitaka kupiga picha. Kila aliyetuagiza kabla ya safari alisema jambo moja: ondokeni alfajiri, kwa kuwa upepo wa korongoni huamka mchana na hupanda mto. Mabaharia wa pwani huuita upepo wa omo, unaokupiga usoni. Tuliingia majini saa nne unusu tukiwa na safari ndefu mbele yetu. Mzee alinitazama, hakusema kitu.

Shoga na Mwalimu, wenye mtumbwi mwepesi, walitangulia. Mpaka saa nane tuliwaona mara kwa mara mwisho wa kila kona, wekundu wa mtumbwi wao ukiwa kama tone la rangi. Halafu upepo ukafika. Haukuja polepole. Kwanza tuliuona juu ya maji, weusi unaokimbilia kwetu, kisha ukatupiga. Mchanga ukaingia machoni, mawimbi yakaanza kurukia ubavuni, na mitumbwi yetu miwili iliyojaa maji ya kunywa ilikaa chini mno majini. Tulipiga kafi nusu saa tukiutazama mti uleule. Wa Mzee ukaingiwa na maji hadi vifundoni, binti akaanza kulia, na mara Mzee akakata kona kuelekea ukingoni na kutuita kwa mkono.

Nilitaka tuendelee. Nilijua wenzetu wako mbele, na nilijua wana nini na hawana nini. Nilimwambia, "Mzee, wale hawana maji." Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Uvira, "Naona. Lakini giza na maji baridi, hapana. Tunalala apa." Nilikasirika naye. Leo namshukuru. Binti hajui kuogelea, mtumbwi umejaa, jua limeshazama nyuma ya genge ingawa saa ilikuwa kumi na moja tu; korongoni giza halingoji magharibi. Mtu akiwa na hatia moyoni hutaka kufanya jambo lolote, hata la kuongeza watu hatarini, mradi tu asikae na hatia yake.

Usiku tulikula tende na karanga. Tulikuwa na zaidi ya lita 50 za maji safi na hatuna hata kikombe cha chai. Nyota zilikuwa nyingi kiasi cha kutisha, na mimi sikuzitazama. Nilikuwa nahesabu: kila mmoja wao aliondoka asubuhi na chupa ya lita moja. Joto la siku nzima, kazi ya kafi. Chupa ile iliisha saa ngapi?

Mahali tulipolala, bila kupanga, palikuwa mwanzo wa Bowknot Bend. Hapo mto unafanya jambo ambalo sijaliona kwingine: unazunguka kizingo cha kilomita kama 11, kisha unarudi karibu kabisa na ulipotoka, umetenganishwa na shingo nyembamba ya mwamba. Jina hilo ni la mwaka 1869, la mpelelezi John Wesley Powell na wenzake waliopita hapo na mashua za mbao, Powell mwenyewe akiwa na mkono mmoja, mwingine ameuacha vitani. Niliporudi nyumbani nilisoma habari zao nikakutana na kitu kilichonichoma. Wiki chache kabla ya kufika Bowknot walipoteza mashua moja katika maporomoko ya Lodore. Powell alikuwa amegawa chakula katika mashua kadhaa kwa tahadhari, lakini vipimo vyote vya mgandamizo wa hewa, ambavyo bila hivyo hangeweza kupima urefu wa mahali popote, vilikuwa vimepakiwa katika mashua moja, na ndiyo hiyo iliyovunjika. Walivipata baadaye kwenye mabaki. Nilikiweka kitabu chini nikawaza madumu yangu.

Alfajiri Mzee alituamsha. "Twende juu tuone." Kuna njia ya miguu inayopanda hadi kwenye ile shingo, ya mawe ya kuteleza, na tulipanda kwa mikono na magoti. Kileleni tuliona ajabu ya mahali pale: mto uleule kushoto na kulia, mmoja unakwenda, mwingine unarudi. Na chini upande wa pili, kwenye fungu la mchanga, mtumbwi mwekundu umepinduliwa, na watu wawili.

Nilipiga kelele hadi koo likauma. Mwangwi ulitawanya sauti, wakawa wanatazama kila upande isipokuwa juu. Kijana akavua fulana yake ya njano akaipunga. Ndipo shoga akatuona. Hakupunga mkono. Alichukua sufuria na mwiko, akaanza kupiga, taratibu, kama anayeita watu chakulani. Nilikaa chini nikafunika uso.

Nilitaka kushuka na dumu mgongoni. Ule mteremko wa upande wao ulikuwa mkali, mawe yamelegea, na Mzee akakataa tena, na safari hii sikubisha. Tulirudi, tukapakia, tukaingia majini kabla jua halijagusa maji. Hakukuwa na upepo kabisa. Kilomita 11 kufikia watu ambao tungeweza kuwarushia jiwe. Zilituchukua karibu saa tatu, na ni saa tulizopiga kafi bila mtu kusema neno.

Tulipofika, wali ulikuwa tayari. Ulikuwa na rangi ya udongo. Walichota maji ya mto, wakayaacha usiku kucha katika sufuria kubwa yatulie, wakamimina ya juu taratibu, wakayachemsha, wakanywa, wakapikia. Shabu nilikuwa nayo mimi mfukoni. Shoga alitupakulia sote kwanza, akanipa sahani yangu kwa mikono miwili, tukala, mchanga ukilia menoni. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini ambayo watoto hawakuisikia: "Mimi sikuogopa kiu. Niliogopa kwamba nilikuuliza, ukanijibu kama mtoto."

Nilimwomba radhi. Sikuongeza maelezo ya uzito wala ya mtumbwi mwepesi. Mwalimu akasema naye ana lake: yeye ndiye aliyeng'ang'ania wasonge mbele akiamini tuko nyuma yao, bila kusimama kungoja kila kona. Kijana akasema picha. Mzee akasema alijua saa nne unusu ni kuchelewa na akaona haya kutuamuru, kwa kuwa sisi ndio tuliolipia. Kila mtu alikuwa na kipande chake.

Siku ile hatukusafiri tena. Tulimwaga kila kitu mchangani na kupakia upya. Kila mtumbwi ukapata madumu yake ya maji, chakula cha siku moja kisichohitaji moto, kiberiti, turubai, na kipande cha shabu, nilichokivunja kwa jiwe. Tukakubaliana kwamba anayetangulia asipoona chombo cha mwisho anaelekea ukingoni papo hapo, na kwamba atakayesema "tusimame" hahitaji kutoa sababu. Mzee akapewa saa ya kuondoka iwe yake, na akaitumia: siku ya mwisho alituingiza majini bado kuna nyota.

Kwa sababu hiyo tulifika Hell Roaring asubuhi na mapema, tukapata muda wa kutembea kidogo ndani ya korongo hilo la pembeni. Kwenye mwamba kuna maandishi yaliyochongwa: D. Julien, 1836, 3 mai, na pembeni picha ya chombo chenye mlingoti. Mzee, aliyesoma kwa Kifaransa shuleni, ndiye aliyetuonyesha kwamba neno hilo ni la Kifaransa, mwezi wa tano. Julien huyo alikuwa mwindaji wa biva, mnyama wa mtoni anayewindwa kwa manyoya yake, amepita pale miaka 33 kabla ya Powell. Mzee alisimama mbele ya neno lile moja muda mrefu kuliko alivyosimama popote. Hakugusa, maandishi yale hayaguswi, mafuta ya vidole yanayaharibu. Akasema tu, "Na yeye alikuwa mbali na kwao."

Mineral Bottom ni ufuko mtupu na barabara ya vumbi inayopanda genge kwa kona kali mfululizo. Mafuriko ya mwaka 2010 yaliibomoa ikajengwa upya. Gari lilikuwa linatungoja. Dereva alipopakua alishangaa kwamba madumu yalikuwa yametawanyika katika mitumbwi yote badala ya kuwa pamoja, akauliza kama tulisahau kuyapanga. Shoga yangu alimjibu, "Yamepangwa."

Kutoka pale mto unaendelea kilomita nyingine 84 hadi unapokutana na Colorado, katika korongo la Stillwater. Huko kibali kinatolewa na hifadhi, na mwisho wake hakuna barabara. Boti yenye injini inakuja kukuchukua na kukurudisha mji wa Moab, maana ukipitiliza unaingia maporomoko ya Cataract. Tumeshaanza kuweka akiba. Orodha ya mizigo iko ukutani jikoni kwa shoga, imeandikwa kwa mwandiko wake, safu tatu, mtumbwi mmoja kila safu, na neno la kwanza katika kila safu ni maji.